Baridi ya Mbeya, manyunyu ya Tukuyu, joto la Kyela: kwenye baiskeli ya resi unavaa nini siku moja hiyo hiyo?

Gia Ndogo (mtoa mada)

Wakuu habari za majukumu. Kwenye grupu letu la baiskeli hapa Mbeya kila ikiingia Juni swali ni lile lile, "nivae nini", na majibu yanakuja nusu nusu, huyu anasema piga sweta mbili, yule anasema koti la mvua tu, mwingine anakwambia jikaze utapata joto mbele ya safari. Naomba leo tuliweke sawa hapa kwa sababu naumia nikiona watu wanatundika baiskeli ukutani miezi mitatu mizima kisa baridi, na baridi yenyewe inavalika.

Natumia njia ya Mbeya kwenda Kyela kama mfano maana kila kitu kiko humo. Unatoka mjini kwenye mita kama 1,700, asubuhi ya Julai iko chini ya nyuzi 10, unafika Uyole unakata kulia unaanza kupanda mpaka Isyonje ambako unavuka mita 2,200, hapo jasho linatiririka maana unasukuma kweli kweli, alafu mlima unaisha na mteremko wa kwenda Kiwira unaanza, ukungu umelala barabarani, manyunyu yanakupiga usoni. Tukuyu mvua. Ukishuka tena kwenda Kyela unaingia kwenye joto la ziwa, mashamba ya mpunga na kokoa, chini ya mita 600. Hewa kwa wastani inapoa nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Isyonje na Kyela zinapishana nyuzi 10 hivi hata kabla hujahesabu mvua, upepo na jua kupanda.

Na hiyo mvua ya Rungwe sio bahati mbaya. Upepo wenye unyevu unatoka ziwa Nyasa, unakutana na mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga maji. Ndio maana Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na Mbeya mjini wakati huo huo jua linawaka. Ukichungulia dirishani Mwanjelwa ukaona anga safi usidhani umeshajua hali ya Kiwira.

Sasa msimamo wangu. Baridi ya kwenye baiskeli sio ile ya kukaa kijiweni. Upepo unautengeneza mwenyewe, hewa ya nyuzi 8 ukishuka na spidi 50 ngozi inaisikia kama nyuzi 3. Na kabla ya kushuka ulikuwa unapanda, umeshalowa kwa ndani. Kwa hiyo una maadui wawili, jasho la kupanda na upepo wa kushuka, na koti zito linakuangusha kwa wote wawili, kupanda linakuchemsha, kushuka ule unyevu liliouficha unageuka barafu mgongoni. Unachotaka ni nguo nyepesi kadhaa ambazo zinavulika ukiwa barabarani na zinaingia kwenye mfuko wa nyuma wa jezi. Nguo ambayo ukiivua huna pa kuiweka, iache nyumbani.

Tuanze na ya ndani kabisa kwa sababu ndio watu wanaidharau. Fulana ya pamba hapana. Pamba inakunywa jasho na kukaa nalo, na maji yanaondoa joto mwilini kama mara 25 kushinda hewa kavu, kwa hiyo ukifika juu umevaa kitambaa cha maji. Tafuta polista nyepesi inayobana mwili, au sufi ya kondoo wa merino ukibahatika, hiyo hata ikilowa inabaki na joto. Pale soko la Sido zinakuja kwenye mabelo ya mitumba na wauzaji wengi wanaziuza kama vesti tu. Ukifika angalia lebo kwenye mshono wa ubavuni, kama imekatwa lowesha ncha ya kidole uguse kitambaa, pamba inanyonya tone palepale na panageuka peusi, polista tone linateleza linasambaa. Sufi ichunguze kwa uzi mmoja uliochomoza kwenye pindo, ukata, uchome na kiberiti: sufi inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu yanayosagika, polista inayeyuka inajikunja kidonge kigumu. Muombe muuzaji kwanza lakini, na uzi uwe wa pindoni.

Juu yake jezi ya kawaida ya baiskeli pamoja na mikono ya kuvua, yaani ile mikono peke yake yenye lastiki juu. Hii ndio nguo ninayoithamini kuliko zote kwa huku kwetu. Unaishusha mpaka kwenye kifundo bila kusimama, unaivua kabisa ukifika Ushirika, ukishapita Tukuyu kwenda Kyela, joto likianza, unaikunja kama soksi inaingia mfukoni. Jezi ya mikono mirefu haikupi hiyo nafasi.

Alafu kizibao cha upepo, kile kisicho na mikono, mbele kitambaa kisichopitisha upepo na mgongoni wavu. Kifua kinakingwa, jasho linatoka nyuma. Waangalieni bodaboda wa pale Uyole saa kumi na mbili asubuhi, wanavaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, kwa sababu wameshajua upepo unaingilia wapi. Na sisi ni hivyo hivyo.

Kizibao kinavaliwa JUU YA MLIMA KABLA YA KUSHUKA. Sio ukishasikia baridi. Pale Isyonje simama, vuta zipu ya jezi mpaka shingoni, vaa kizibao, vaa glovu, kula ndizi, ndio ushuke. Ukisubiri mpaka utetemeke umechelewa, kwenye mteremko huchezi miguu, na mwili usiofanya kazi hautengenezi joto.

Nitaendelea na mikono na miguu, kuna mtu ananiita.

kopo_la_grisi

Mkuu uzi mzuri lakini naona unazungusha sana. Mimi navaa lile koti la mvua la bodaboda la plastiki zito, nanunua Mwanjelwa, halipiti maji hata kidogo na upepo haupiti. Nguo moja imemaliza mambo yote, mikono ya kuvua sijui kizibao cha nini

Gia Ndogo

Kaka kwa bodaboda lile koti ni sahihi kabisa maana yeye kakaa, injini ndio inafanya kazi. Wewe ndio injini. Jipime siku ukipanda kutoka Uyole mpaka Isyonje umelivaa, ukifika juu ingiza mkono ndani ushike fulana. Maji yale hayajatoka mawinguni. Tena linapeperuka kama tanga, kwenye upepo wa pembeni lori likikupita linakuvuta. Koti la mvua la baiskeli ni jepesi, limebana, mgongoni ni refu kufunika kiuno, na lina matundu makwapani. Kama hulipati, chukua koti jepesi la kukimbilia la mitumba, maji yatapita baada ya muda lakini upepo limezuia, na kulowa kwa maji ya vuguvugu bila upepo kunavumilika.

Mwana Isyonje

Nakubaliana na mtoa mada, mi nakaa huku juu naona watu wanavyofika. Baridi inayowamaliza ni ya vidole. Mtu kavaa vizuri kifuani lakini mikono mitupu, anashuka Kiwira kuna malori ya mpakani Kasumulu yanapanda na mengine yanashuka, anatakiwa avute breki, vidole havikunjiki. Hapo hatuongelei tena starehe tunaongelea kufa. Mimi ningeanza na glovu kabla ya kitu chochote.

Gia Ndogo

Mwana Isyonje umenena, na nakubali glovu ziwe za kwanza kununuliwa. Glovu za vidole vyote, ndani ya kiganja ziwe na mpira usiteleze kwenye breki. Zile nene za kuteleza kwenye theluji zinazokuja kwenye mitumba zina joto lakini hufiki vizuri kwenye gia, zijaribu kwanza kwa kushika usukani dukani, funga na kufungua ngumi. Njia nzuri ya bei ndogo ni kuvaa mbili, glovu nyembamba ya sufi ndani, na juu yake glovu ya mpira ya kuoshea vyombo saizi kubwa siku ya manyunyu. Haipendezi kwenye picha ila maji hayaingii na upepo hauingii.

Na kipimo cha kujua uko salama: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Ukishindwa, simama. Usishuke mita moja zaidi. Ingia kwenye kibanda chochote cha chai Ntokela au Kiwira, weka mikono makwapani, kunywa kitu cha moto. Na mwenzako akianza kuongea maneno yanakokotana kama kalewa, au anayumba, msimamishe hata kama anakataa, hapo baridi imeshaingia ndani na yeye mwenyewe hajui.

dada_wa_kihesa

Habari zenu kaka zangu. Mimi niko Iringa, Juni na Julai huku Kihesa asubuhi upepo ni balaa. Nina maswali mawili. La kwanza mimi navaa hijabu na helmeti juu, kitambaa kikilowa jasho shingoni kinapoa nakohoa wiki nzima. La pili, suruali za baiskeli za kubana sipendi kutoka nazo hivi hivi, nikivaa suruali pana juu yake inaingia kwenye mnyororo.

Gia Ndogo

Dada karibu sana, maswali ya maana haya. Hijabu ya pamba au ile ya krepu nzito inafanya kama fulana ya pamba. Tafuta ya kitambaa cha michezo, nyembamba, ya kuvuta kichwani isiyo na pini, ikae bapa chini ya helmeti bila fundo nyuma kwa sababu fundo linainua helmeti na mikanda inalegea. Beba nyingine kavu mfukoni, ukifika juu ya mlima badilisha hiyo tu, utashangaa unavyosikia joto, shingo na kichwa vina damu nyingi karibu na ngozi. Tena wanaume wote humu wanaopanda bila kitu shingoni wajifunze hapo, skafu ya bomba ya shingo ni nyepesi kuliko zote na inafanya kazi kubwa, unaivuta mpaka puani ukishuka.

Kuhusu suruali, bukta yenye pedi inakaa ndani bila chupi, alafu juu yake vaa suruali ya trakisuti ambayo chini ni nyembamba na ina zipu ya kifundo. Mguu wa kulia, upande wa mnyororo, funga kwa bendi. Au sketi fupi ya michezo juu ya taiti ndefu, nimeona kinadada wa Arusha wanavaa hivyo na inakaa vizuri sana kwenye siti.

dada_wa_kihesa

Asante sana kaka, hiyo ya kubeba nyingine kavu sikuwahi kuisikia. Nitaifanyia kazi.

Mbongo Uholanzi

Wadau salaam kutoka huku kwenye nchi ya baiskeli. Nyuzi 4 na mvua ya pembeni ndio maisha yetu kuanzia Novemba. Naongeza mambo mawili ya huku.

La kwanza madigadi. Watu wa baiskeli za resi wanayaona kama uchafu lakini maji mengi yanayokulowesha hayatoki juu, yanarushwa na tairi ya nyuma yanapanda mgongoni na makalioni, na ya mbele yanamwaga miguuni. Madigadi ya plastiki ya kubana kwenye bomba la siti yanaokoa nguo kuliko koti.

La pili ni hadithi ambayo wazee wa huku hawaisahau. Giro d'Italia, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya kuzunguka Italia, tarehe 5 Juni 1988, siku ya kupita mlima Gavia, zaidi ya mita 2,600, theluji ikawashukia. Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza akiwa na mikono mifupi. Kupanda alikuwa sawa kabisa, injini inawaka. Kushuka ndio ikamshinda, akalazimika kujificha baridi njiani, akamaliza zaidi ya dakika 40 nyuma ya mshindi. Mshindi wa siku hiyo alikuwa Mholanzi mwingine, Erik Breukink, na wa pili Andy Hampsten wa Marekani ambaye timu yake ilishajua hali ya hewa ikamwandalia nguo za baridi na glovu za mpira mzito. Hampsten siku hiyo akavaa jezi ya pinki, ile ya anayeongoza mashindano, na akaondoka na Giro yote. Kwa hiyo anachosema mtoa mada kuhusu kuvaa juu kabla ya kushuka, mashindano makubwa kabisa yameshaamuliwa hapo.

Msee wa Limuru

Niaje watu wangu wa TZ. Hii maneno inatuhusu sana huku Kenya. Mimi natoka Limuru, kwa zaidi ya mita 2,000, July huku ukungu hautoki mpaka saa tano, alafu tunashuka escapimenti ya Rift Valley, ile barabara ya chini ya Mai Mahiu, ile ilijengwa na Waitaliano mateka wa vita, kakanisa kao bado kako pale chini. Juu unaskia vidole zinauma, chini ni vumbi na jua. Venye nyinyi mnasema ya kuvua na kuweka mfukoni ni ukweli.

Yangu ni rangi. Kwa ukungu dereva wa trela hakuoni. Hiyo kizibao isikuwe nyeusi hata kama ni nzuri aje. Chukua ya machungwa ama ile ya kijani inang'aa, na taa nyekundu nyuma iwake hata mchana. Na soksi ziwe za rangi ya kung'aa, miguu ndio inacheza juu chini, jicho la dereva linashika kitu inacheza haraka.

Gia Ndogo

Msee asante, hiyo ya soksi naichukua. Kwa njia yetu ya Isyonje ni lazima, ule ukungu ukikaa huoni hata nguzo inayofuata.

Sasa miguu. Magoti mimi nayafunika chini ya nyuzi 15, sina mjadala hapo, goti halina nyama ya kulikinga na linapigwa upepo moja kwa moja. Kuna miguu ya kuvua kama mikono, inaishia katikati ya paja, ni nzuri kuliko taiti ndefu kwa safari ya kwenda Kyela maana ukifika Ushirika unaitoa. Vidole vya miguu vinaganda kwa sababu viatu vya resi vimetobolewa chini viingize hewa, ziba yale matundu kwa ndani na ile selotepu ya kufungia maboksi. Wazungu wana soksi za nje za kuvalisha kiatu, ukizipata mitumba chukua bila kufikiri. Ukikosa, mfuko wa mkate kati ya soksi na kiatu, mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini mkate bado unakuja kwenye wake. Kata vizuri usitokeze nje ukaenda kunasa kwenye mnyororo. Na usivae soksi mbili nene ukabana kiatu, damu ikishindwa kupita mguu unaganda zaidi.

Kuna kitu cha bure kabisa pia, gazeti. Kurasa nne au tano zilizokunjwa ndani ya jezi kifuani kabla ya kushuka. Waendeshaji wa Ulaya walikuwa wanapewa magazeti na mashabiki juu ya milima tangu enzi za babu zetu na hamna sababu ya kuacha. Ukifika chini unatoa, ukipitia Kyela unafungia maandazi.

mkata_upepo

Na zile dawa za kuchua? Mi najipaka ile ya mentoli miguuni nasikia moto mpaka Tukuyu. Na kuna mzee kanifundisha kifuniko kimoja cha Konyagi kabla ya kushuka.

Gia Ndogo

Mentoli inachezea neva tu, unasikia moto lakini misuli haijapata joto, kwa hiyo inakudanganya usivae. Mafuta ya mgando yana faida kidogo siku ya manyunyu, maji yanateleza juu ya ngozi, paka magotini na usoni. Ila hiyo Konyagi naomba uiache kabisa ndugu yangu. Pombe inafungua mishipa midogo ya kwenye ngozi, damu ya moto inakimbilia nje, unasikia joto usoni wakati kifuani joto ndio linaondoka. Na bado una mteremko, ukungu na malori mbele yako. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya pili, weka sukari, ndio kinywaji cha Isyonje.

Mwana Isyonje

Kweli kabisa, na chai tunayo huku, simameni mnywe.

kopo_la_grisi

Wakuu nimesoma yote. Kizibao nitatafuta, nakubali hilo la jasho maana nikivua lile koti huwa nimelowa kweli. Swali, safari ya kuanza saa moja asubuhi mjini, navaa nini mlangoni? Nikiwa na joto tayari au nikiwa nasikia baridi?

Gia Ndogo

Toka ukisikia baridi kidogo, baridi ya kukufanya utake kuanza kukanyaga. Ukiwa na joto la kutosha mlangoni, ukifika Uyole utakuwa unachemka. Kwa Julai saa moja mjini mimi natoka hivi: fulana ya ndani ya polista, jezi, mikono ya kuvua, bukta na miguu ya kuvua, glovu, skafu ya shingo, kizibao nimevaa. Kikianza kipande cha kupanda baada ya Uyole kizibao kinaingia mfukoni, zipu ya jezi nafungua mpaka katikati, skafu nashusha. Isyonje kila kitu kinarudi mwilini. Koti jepesi la mvua limekunjwa limefungwa chini ya siti kwa mpira, manyunyu yakianza nalivaa. Tukuyu kama mvua imekata navua koti, ikibaki naendelea nalo mpaka Ushirika, hapo joto linaanza na vyote vinaingia mfukoni.

dada_wa_kihesa

La mwisho kaka, hizi nguo zinafuliwaje? Koti langu jepesi lilikuwa linamwaga maji vizuri, sasa linanyonya.

Gia Ndogo

Sabuni kidogo ya maji, maji ya vuguvugu, suuza mara nyingi mpaka povu liishe kabisa kwa sababu sabuni iliyobaki ndio inavuta maji. Ile sabuni ya kulainisha nguo isiguse kitu chochote cha baiskeli, inaacha utando kwenye nyuzi, jezi inaacha kutoa jasho na koti linaacha kumwaga maji. Usipige pasi ya moto. Koti lako likikauka lipitishie joto dogo sana, pasi ya chini kabisa na kitambaa juu yake, mara nyingi ule uwezo wa kumwaga maji unarudi. Ukiona bado linanyonya, kuna dawa ya kupulizia ya kuzuia maji, ulizia kwenye maduka ya viatu na mahema, wanauza ya kopo. Bukta yenye pedi geuza ndani nje ndio uanike, na usirudie kuivaa bila kufua hata kama ulipanda kidogo.

dada_wa_kihesa

Nimekupata. Jumapili nafua zote.